Namba ya Kuzaliwa

Ndunge alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nachambua maharagwe. Baba yake, Fundi Mutiso, alikuwa amefariki kwao Machakos, akiwa amezeeka kiasi kwamba hakuna aliyeshtuka, na familia ilikuwa inaandaa kijitabu cha mazishi. "Auntie, wewe ndiye umebaki kati ya wale aliofanya kazi nao reli," aliniambia. "Tuandikie aya moja tu. Alifanya nini kule, na aliondoka vipi." Nikamwambia nitaandika. Nikaketi mezani, na kufikia saa sita mchana nilikuwa na sentensi tatu, zote za kweli: kwamba baba yake alikuwa fundi wa boila, kwamba alizijua injini za mvuke kuliko mtu yeyote katika karakana ile, na kwamba vijana waliomfuata walijifunza kwake. Sentensi ya nne ilinishinda. Ingelazimika kueleza kwa nini aliondoka, na nadhani anayeijua sababu hiyo yote, mwanzo hadi mwisho, ni mimi peke yangu. Nimempelekea Ndunge zile tatu. Hii hapa ndiyo ya nne, na imekuwa ndefu.

Ulikuwa mwaka uliofuata kuvunjika kwa Jumuiya ya nchi zetu tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, karani wa rejista katika karakana ya injini, nikiishi jijini, mtaa wa Jericho, kwa shangazi yangu katika nyumba ya manispaa ya vyumba viwili. Kila asubuhi nilitembea kwa miguu nikifuata barabara kubwa hadi Makongeni, nikikata katikati ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na kuingia kwa lango la nyuma. Ofisi yetu ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili makarani wasitazame nje. Kulikuwa na meza nne, mbili zikiwa tupu kwa sababu wenyewe walikuwa wamerudi Tororo na Tabora mali ya Jumuiya ilipogawanywa. Vitabu navyo viligawanywa. Rafu iliyokuwa na kumbukumbu za matengenezo ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, na Bwana Ouma, karani mkuu, alipoulizwa jambo la zamani alikuwa akielekeza kidole kwenye pengo mojawapo na kusema, "Lilikuwa hapo." Alikuwa mtu mpole, mwenye tai moja ya kahawia, aliyependa kazi safi. Aliponiajiri aliniambia alitaka mtu asiyeogopa vumbi. Mimi vumbi sikuliogopa. Nilikuwa na tabia, ambayo bado ninayo, ya kutaka kila kitu kiwe mahali pake, na nyingine ya kubeba daftari dogo na kuandika maneno niliyoyasikia watu wakisema, bila sababu yoyote isipokuwa kwamba yalinipendeza.

Injini za mvuke zilizobaki zilikuwa chache. Reli ilikuwa imeingia kwenye dizeli na kila mtu alijua zile kubwa nyeusi zilikuwa zinangojea siku yao. Zote zilitoka kiwanda kimoja cha Uingereza, na kila moja ilikuwa na kibao cha shaba ubavuni chenye jina la kiwanda hicho, mwaka, na namba. Hiyo namba mafundi waliiita namba ya kuzaliwa. Ile iliyopakwa rangi na reli yenyewe, kubwa, ya kuonekana kwa mbali, waliiita namba ya ubatizo. Madereva na makarani tulitumia ya ubatizo: Kumi na Mbili, Kumi na Tisa. Mutiso hakuitumia kamwe. Kwake namba ya rangi ilikuwa kitu ambacho mtu yeyote mwenye brashi angeweza kubadilisha. Alikuwa mwanamume mfupi wa miaka hamsini hivi, mwenye masikio yaliyoharibiwa na nyundo, kwa hiyo alizungumza polepole na kukutazama mdomoni ulipomjibu. Wenzake walimtania kwamba alikuwa na mke mmoja Makongeni na wengine saba wa chuma. Yeye alijibu kwamba wale wa chuma angalau walikuwa wanasema panapouma.

Nilikuja kumjua kwa sababu ya hesabu. Ndunge alikuwa darasa la saba, mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na Mutiso alikuja dirishani kwangu akiwa ameshika kofia akauliza kama ningeweza kumsaidia binti yake saa ya chakula. Nyumba yao ilikuwa dakika kumi kutoka langoni. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua ya bluu. Nyuma ya pazia vitanda, mbele viti vitatu vyenye vitambaa vya kufuma, meza, redio, na kwenye ukuta picha ya injini iliyokatwa kutoka katalogi ya kiwanda. Mama Ndunge aliniwekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye sahani ya bati, kunde zikiwa zimepikwa zikalainika, na hakuniruhusu kuondoka kabla ya kikombe cha pili cha chai. Alisuka kiondo huku akitusikiliza, na mimi na Ndunge tulipokwama kwenye sehemu na desimali alikuwa akicheka pole pole kana kwamba sisi tulikuwa redio. Nje wavulana walipiga mpira wa makaratasi ukutani na kuitana kwa Kiswahili chao cha mtaani, ambacho Mama Ndunge alidai hakielewi ingawa nilimwona akitabasamu walipotukanana. Nyumba ilikuwa ya reli, kama zote pale. Ukiwa na kazi una nyumba. Jambo hilo lilikuwa linajulikana na kila mtu kama vile inavyojulikana mvua itanyesha Aprili, na halikuhitaji kusemwa.

Pale mezani ndipo niliposikia historia ya kile kiwanda. Mutiso aliipata kwa msimamizi Mwingereza aliyemfundisha kazi, na aliisimulia kama wengine wanavyosimulia habari za ukoo wao. Kilianza, alisema, na mhunzi wa mitambo ya kufumia nguo. Injini yake ya kwanza ilikuwa kama pipa lenye magurudumu. Kisha reli za huko kwao zikaanza kujiundia injini zenyewe, na kiwanda kikakosa wateja nyumbani, ndipo kikageuka kutazama nje: India, Amerika ya Kusini, Afrika. Kwa ajili ya nchi zenye milima na kona kama yetu waliunda injini inayojikunja katikati, boila moja ndefu, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ikiwa imebebwa kati ya seti mbili za magurudumu. Zilikuja Mombasa zikiwa vipande ndani ya masanduku ya mbao, na kila kipande kikiwa kimepigwa muhuri wa namba ya injini yake, ili mafundi wa huku wasichanganye. Nilimuuliza kama kiwanda bado kipo. Akasema barua za kuomba vipuri zilikuwa zimeacha kujibiwa miaka mingi iliyopita. Alisema hivyo akitazama ile picha ukutani, kisha akamgeukia Ndunge na kumwambia arudie hesabu ya tano.

Mwezi Februari Bwana Ouma aliniambia nisafishe rejista. Kadi zilikuwa nyingi, za miaka mingi, katika droo nne za chuma. Nilifanya kazi hiyo wiki tatu, na niliifanya kwa furaha. Katika droo ya tatu nilikuta jambo lililonikera: kadi kumi na moja zilizorudiwa. Namba ileile ya kuzaliwa kwenye kadi mbili, moja safi iliyoandikwa kwa taipu, nyingine ya zamani, chafu kwa grisi, imejazwa kwa mkono. Nilizilinganisha nikaona tarehe hazipatani, nikaamua ile chafu ilikuwa imepitwa na wakati. Sikumuuliza mtu. Nilibakiza zile za taipu, na zile chafu nilizipeleka kantini, mpishi akawashia jiko. Bwana Ouma alifungua droo, akazitazama kadi zilivyokaa sawasawa, akasema nina mkono wa nesi. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo kila fundi katika karakana alilijua kiasi kwamba hakufikiria kulieleza, ni hili. Boila huchukua muda mrefu kutengenezwa kuliko mwili wa injini. Kwa hiyo injini ikiingia karakana, boila yake huondolewa na kuwekwa kando, na mwili ukishakuwa tayari hupewa boila yoyote iliyo tayari. Miaka ikipita, injini nyingi zinakuwa zimebeba boila za wenzao. Lakini muhuri wa kiwanda haubadiliki. Boila iliyozaliwa pamoja na injini ya namba 4418 itaitwa 4418 mpaka ikatwe, hata ikiwa ndani ya injini nyingine. Ndiyo maana kulikuwa na kadi mbili: moja ya mwili, moja ya boila. Zile chafu zilikuwa za boila. Ziliandikwa na watu wenye grisi mikononi kwa sababu wao ndio waliokuwa wakizitumia.

Tena niliambiwa, kwa namna yake. Machi nilikuwa kwenye foleni ya chai kantini, mbele yangu madereva wawili wakizungumza. Mmoja alisema Kumi na Tisa siku hizi anapanda kilima akihema kama mzee. Mwenzake akamjibu, "Utapandaje kilima na tumbo la kuazima? Lile ni tumbo la Kumi na Mbili, yeye alipewa tu." Wakacheka, mimi pia nikacheka, nikaiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Nilidhani ni mzaha tu wa madereva.

Katikati ya Aprili Mutiso alileta cheti dirishani. Kilikuwa karatasi ndogo ya manjano, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: 4418, skrubu za ndani zimekatika, isiwashwe. Nilifungua droo, nikaitoa kadi ya 4418, nikasoma kwamba 4418 ni Kumi na Mbili, nikaandika kadi nyekundu ya kuisimamisha Kumi na Mbili. Mambo hayo yote yalichukua muda wa kunywa nusu kikombe. Kumi na Mbili ilikuwa na boila nzima iliyotoka karakana mwaka uliotangulia. Ilivutwa kando ikasimama. Boila ya 4418 yenyewe ilikuwa ndani ya Kumi na Tisa, na Kumi na Tisa ilipangiwa kazi ya kupanga mabehewa. Mutiso alikuwa ametumwa Nakuru kwa siku tatu zilizofuata, kwa hiyo hakuona ipi imesimama na ipi inatembea.

Siku ya tatu asubuhi tulisikia sauti ambayo haikuwa kubwa. Watu hudhani boila ikipasuka ni kama bomu. Hii ilikuwa kama shuka refu likichanwa, kisha kelele ya mvuke, kisha mtu. Nilisimama kwenye kiti nikatazama juu ya sehemu ya dirisha iliyopakwa rangi. Barasa, fayamani wa Kumi na Tisa, ambaye kazi yake ilikuwa kuulinda moto wa mafuta mazito, alikuwa ameshuka na alikuwa anatembea kuelekea kwetu akiwa ameinua mikono yake mbele kama anayebeba trei. Wenzake walikuwa wanamzunguka na hakuna aliyejua amshike wapi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemwona mara nyingi kantini. Alikuwa akiweka sukari vijiko vinne na kusema ni ya kumkumbusha kwao Bungoma.

Mutiso aliporudi alikuja moja kwa moja ofisini. Hakupaza sauti. Alisimama mbele ya meza ya Bwana Ouma akasema, "Niliandika 4418. Na 4418 iko ndani ya Kumi na Tisa." Bwana Ouma akanitazama. Mimi nilikuwa natazama droo ya tatu, na katika dakika ile nilielewa kila kitu: zile kadi, yale madoa, yale maneno ya tumbo la kuazima. Nilielewa kama mtu anavyoelewa amefungia funguo ndani, mlango ukiwa tayari umejifunga. Bwana Ouma aliuliza kama nilipokea cheti. Nilisema ndiyo, na kwamba nilifanya kama kilivyosema. Hilo lilikuwa kweli.

Uchunguzi uliongozwa na mhandisi kijana, msomi, mtu wa dizeli. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza maswali mazuri na hakuwahi kufanya kazi na injini ya mvuke hata siku moja. Kwake cheti kilikuwa wazi: fundi aliandika namba ya injini moja, na injini nyingine ikamuunguza mtu, kwa hiyo fundi alikosea, au hakukagua ile ya pili na sasa anatafuta pa kujificha. Mutiso alisema namba ni ya boila. Aliambiwa aonyeshe. Lakini boila ilikuwa imeshakatwa kwa gesi ndani ya wiki moja na watu wa vyuma chakavu, kwa amri ya kuondoa uchafu relini. Msimamizi aliyeibadilisha alikuwa amerudi Uganda. Kitabu cha mabadiliko kilikuwa mojawapo ya yale mapengo kwenye rafu. Wale madereva wawili wa kantini waliitwa wakasema wao huendesha tu, mambo ya matumbo waulizwe mafundi. Walikuwa na watoto, na nyumba za reli. Mutiso alisimamishwa kazi hadi kikao cha mwisho.

Niliendelea kwenda kula kwao. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo silielewi vizuri. Nilikaa kwenye kile kiti chenye kitambaa cha kufuma, nikala muthokoi, nikafundisha desimali, na Mutiso akiwa sasa yupo nyumbani mchana kutwa, amekaa kwenye ngazi ya mlango akinoa visu vya majirani. Mama Ndunge aliniuliza siku moja, akiwa hatazami kiondo chake, "Wewe unakaa na hayo makaratasi. Huko kwenu hakuna yanaposema ukweli?" Nilimwambia nitaangalia. Na hapo ndipo wazo likanijia, nikalipokea kama mtu aliyeokolewa. Ningeandika Uingereza. Ningeuliza kiwanda chenyewe kieleze kwamba muhuri wao ulipigwa kwenye boila pia. Mhandisi angeamini karatasi kutoka huko kuliko neno la fundi, Mutiso angerudi kazini, na mimi nisingehitaji kusema chochote. Niliiandika barua hiyo kwa taipu ya ofisi, kwa uangalifu mkubwa kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Anwani niliinakili kutoka ile katalogi ya Mutiso. Niliogopa sana sentensi moja, ya maneno matatu, kwa hiyo nikaandika kurasa mbili kuvuka bahari.

Jibu lilikuja wiki ya kwanza ya Agosti. Halikutoka kiwandani. Liliandikwa kwa mkono na mzee mmoja aliyekuwa mchoraji wa mashine pale tangu ujana wake. Kiwanda, alisema, kilikuwa kimefungwa, na mahali pake sasa yalikuwa maghala ya mboga. Tarishi alimfahamu, ndiye aliyempelekea barua yangu nyumbani. Aliandika kurasa sita. Alieleza jinsi wakurugenzi walivyoamini kwamba mvuke hautaisha, kwa kuwa dunia ilikuwa pana na daima kungekuwa na nchi iliyo nyuma. Walipogeukia dizeli walikuwa wamechelewa, na zile walizounda ziliharibika zikawaletea aibu. Ijumaa moja walimaliza injini ya mwisho, wakaipaka rangi, wakaipeleka bandarini, na Jumatatu hakukuwa na ya kuanza. Kuhusu swali langu alikuwa na uhakika. Amri ya karakana yao ilikuwa kwamba kila kipande ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba kipigwe namba: fremu, magurudumu, boila. Wakati wa vita wasichana ndio waliofanya kazi hiyo, akiwemo aliyekuja kuwa mke wake. Aliandika: "Ukiikuta namba yetu kwenye boila, basi ni sisi tulioiweka, hata ikiwa leo inaishi katika nyumba ya mwingine." Alimaliza kwa kuuliza kama injini zao bado zinatembea. Sikumjibu kamwe.

Nilimpelekea Mutiso barua ile nikaisoma kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, akitazama mdomo wangu. Alinifanya nirudie mahali pa wale wasichana wa muhuri. Mama Ndunge aliweka chai na mkate uliopakwa siagi, kitu cha sikukuu, na kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na furaha. Kisha rais akafariki, nchi ikasimama, ofisi zikafungwa, watu wakajipanga barabarani wakilia, na kikao kikasogezwa hadi Septemba.

Tulikuwa watano katika chumba cha mhandisi: yeye, mwandishi wake, Bwana Ouma, Mutiso aliyevaa koti la kanisani, na mimi. Mhandisi aliisoma barua yote, bila haraka, kurasa zote sita. Alipomaliza aliiweka mezani, na niliona uso wake umebadilika, nikafikiri tumefika.

"Mzee huyu anasema namba moja inakaa kwenye vitu viwili," alisema. "Mwili na boila."

"Ndivyo, bwana," Mutiso alisema.

"Basi rejista ingekuwa na kadi mbili kwa kila namba. Huwezi kufuatilia vitu viwili kwa kadi moja." Akamgeukia Bwana Ouma. "Iko wapi ya pili?"

Bwana Ouma alishika tai yake. Alisema kadi zinashikwa na Wanjiru. Wote wakanitazama, isipokuwa Mutiso, aliyekuwa tayari ananitazama, mdomoni, kama kawaida yake.

"Kulikuwa na kadi ya pili?" mhandisi akaniuliza.

Nimerudia dakika hiyo mara nyingi kiasi kwamba siamini tena ninaikumbuka sawasawa. Nakumbuka feni. Nakumbuka kuwaza juu ya shangazi yangu, na kwamba mshahara wangu ndio uliokuwa unamsomesha mwanawe, ingawa huenda hilo nililiongeza baadaye ili kujipa sababu.

"Hapana, bwana," nilisema. "Kadi ni moja."

Mhandisi aliandika. Kisha akamwambia Mutiso kwamba ana haki ya kuniuliza swali. Mutiso alifunga kifungo cha koti lake, na nilijua kwamba alikuwa anazijua zile kadi, kwa kuwa mwandiko uliokuwa ndani yake, zile herufi kubwa, nilikuwa nimeuona kwenye vyeti vyake kila wiki. "Sina swali," alisema.

Aliachishwa kazi kwa uzembe, na nyumba ikatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Walihamia Dandora, ambako manispaa ilikuwa inagawa viwanja vyenye choo na bomba, mwenyewe ajijengee vyumba. Ndunge alifanya mtihani wake akitembea kutoka huko. Niliacha kwenda kula. Nikawa nakula mandazi mezani kwangu, mbele ya droo. Barasa alitoka hospitalini Oktoba. Nilisikia hayo kantini, na sikuandika kwenye daftari.

Nilikwenda Dandora Jumamosi moja ya Desemba. Nilimkuta Mutiso amekaa nje ya chumba cha mabati, akitia kitako kwenye sufuria ya mtu. Kulikuwa na sufuria nyingine kama sita zikingojea foleni. Mama Ndunge alinipa kiti, akaingia ndani, hakutoka tena. Nilimwambia Mutiso yote: wiki tatu za Februari, jiko la kantini, kikao. Nilichukua muda mrefu. Yeye hakuacha kupiga nyundo, ila alikuwa anapiga taratibu ili anisikie.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Ile kadi ya 4418 niliijaza mimi miaka kumi na miwili."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale kikaoni.

"Ningesema nini? Neno langu walikuwa wamekwisha kulikataa. Lako ndilo lililokuwa limebaki." Akaigeuza sufuria, akaitazama juani kama inavuja. "Nilikungoja. Nilidhani unatafuta pumzi tu."

Nilimwambia nitaandika ofisini Jumatatu, nitaeleza kila kitu kwa sahihi yangu. Niliandika kweli, na pamoja na barua hiyo niliacha kazi. Jibu lilikuwa mistari miwili: faili imefungwa, na injini zinazohusika hazipo tena. Lakini siku ile ya Dandora sikuyajua hayo, na nilimtazama Mutiso nikingojea aseme kitu kingine, nadhani nilitaka anisamehe ili niende nyumbani.

"Andika," alisema. "Mimi nilipoteza nyumba. Barasa umekwenda kwake?"

Sikuwa nimekwenda. Katika miezi yote ile, nikihesabu niliowakosea, nilikuwa nimehesabu mtu mmoja.

Barasa alikuwa anaishi Kaloleni kwa kaka yake, karibu na njia niliyopita kila siku. Nilikwenda kesho yake, baada ya ibada. Alifungua mlango kwa kiwiko. Mikono yake ilikuwa imepona kwa namna yake, ngozi iking'aa, vidole vimekaa pamoja kama ndani ya glavu. Mkewe alikuwa jikoni nyuma, nilisikia mafuta yakichemka. Barasa alinitambua akafurahi; alidhani nimeleta karatasi zake za fidia kutoka ofisini. Akaniambia niketi. Nilisema ningependa kusimama.

"Kadi zilikuwa mbili," nilisema, na nikaendelea hadi mwisho.

Alinisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza alimwita mkewe, akamwambia aondoe karai motoni aje akae. Kisha akaniambia nianze tena, polepole, ili naye asikie. Nikaanza tena.